Lenzi Ipi Ifaayo kwa Picha za Barabarani?

Juu ya kamera yamesemwa mengi, lakini juu ya kile kioo kilicho mbele yake husemwa machache mno, ilhali ndicho kinachoamua picha itakuwa ya namna gani. Kwa mtu anayependa kupiga picha za barabarani, yaani picha za watu katika shughuli zao za kila siku pasipo kuwapanga, uchaguzi wa kioo hicho hugusa hata adabu. Naandika haya kwa sababu mpwa wangu, binti anayejifunza kazi hii mjini Bukoba, alinijia hivi karibuni na akiba yake mkononi, akaniuliza anunue lenzi gani.

Yeye alitamani lenzi ya kuvuta, ile nene na ndefu, imletayo mtu aliye ng'ambo ya barabara akawa kana kwamba amesimama mlangoni. Sikumlaumu. Katika mpira wa miguu, na kwa ndege wa ziwani, lenzi ya namna hiyo haina mpinzani. Lakini mojawapo ya zile zinazosifiwa sana, Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu pana, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu kabla hujaifunga kwenye kamera. Ipitishe sokoni Bukoba uone. Wauza ndizi hunyamaza, watoto hujipanga mstari, wazee hugeuza nyuso, na ile hali uliyoijia imekwisha kabla hujafyatua.

Upande wa pili ziko lenzi ndogo zisizovuta, zenye kipimo kimoja tu tangu kiwandani. Mwaka 2012 Canon walitoa moja ya milimita 40, uzito wake gramu 130, na unene wake haufiki sentimita mbili na nusu. Nikon nao walitoa ya milimita 40 mwaka 2021, gramu 170. Fujifilm wanayo ya milimita 27, na toleo lake la 2021 lina gramu 84 tu. Vitu hivi huingia mfukoni mwa koti, na mwenye navyo huonekana mpita njia kama wengine.

“Mjomba,” akaniuliza, “na nikitaka kilicho mbali?”

Nikamjibu kwamba atatembea.

Yafaa nieleze hizo milimita, maana wauzaji wengi huzitaja bila kuzifafanua. Chukua kamera ambayo picha ndani yake ina ukubwa wa ile filamu tuliyoizoea, milimita 36 kwa 24. Ukiifunga lenzi ya milimita 35 na kusimama mita mbili kutoka kwa mtu, utapata upana wa mita mbili hivi: yeye, meza yake, na jirani yake. Ukitumia ya milimita 50 utapata upana usiofika mita moja na nusu. Ya milimita 28 itakupa zaidi ya mita mbili na nusu. Kamera nyingi za siku hizi zina sehemu ya kupokea picha iliyo ndogo kuliko hiyo, na kwa aina iliyoenea sana ni lazima uzidishe kwa moja na nusu. Ndiyo sababu ile ya Fujifilm ya milimita 27 hufanya kazi ya milimita 40.

Lakini hesabu hiyo si kitu kama hujui unatafuta nini. Shangazi yetu alipofariki huko Muleba, tulihangaika usiku kucha kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Mwanamke yule aliketi sokoni miaka mingi, mbele yake mafungu ya dagaa na chini ya meza mikungu ya ndizi, na hapakuwa na mtu wa mji ule asiyejua mahali pake. Tulipata picha mbili. Moja ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho, aliyokunja uso kama mshtakiwa. Nyingine alipigwa na mgeni fulani kwa lenzi ndefu, kutoka mbali. Uso ulitoka vizuri, hata mikunjo ya macho ilihesabika, lakini nyuma yake kila kitu kilikuwa ukungu wa rangi. Meza haikuwapo, dagaa hawakuwapo, wala yule jirani yake waliyetaniana naye kutwa. Hukuweza kujua kama yuko Muleba au Mombasa. Tuliiweka hiyo, kwa kuwa hatukuwa na nyingine, na watoto wake waliitazama kwa adabu kama wanaotazama picha ya mtu mashuhuri.

Mahali nako hupita. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu wa Kagera. Watu walipoteza maisha, nyumba nyingi zilibomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikajengwa upya. Mwenye picha ya bibi yake akiwa barazani, na baraza lenyewe likionekana, alikuwa na kitu ambacho fundi hawezi kukirudisha.

Basi nilimshauri mpwa wangu achague kati ya milimita 35 na 40. Ya milimita 28 ni nzuri kwenye stendi ya mabasi na katika vichochoro, ila uso wa mtu aliye pembeni mwa picha huvutika ukaharibika, na ukitaka mtu aonekane mkubwa inakubidi umsogelee hadi karibu umguse; kwa mzee wa Kihaya huo ni utovu wa heshima. Ya milimita 50 ni rahisi kwa bei, na Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa mashuhuri, alifanya nayo sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini katika njia nyembamba za soko utarudi nyuma mpaka uangushe nyanya za watu.

Thelathini na tano na arobaini hukuweka kwenye umbali wa salamu. Kwa umbali huo huwezi kujificha. Sharti uamkie, uongeze lile neno letu la heshima, “waitu”, ungoje jibu, na pengine uambiwe hapana. Ukiambiwa hapana, unaishusha kamera na kununua ndizi.

Kuna faida nyingine ya kiufundi. Lenzi ya milimita 35, ukifunga tundu lake hadi namba 8 na kuilenga mita tano hivi, itaonyesha vizuri vitu vyote kuanzia mita mbili na nusu hadi upeo wa macho, nawe hutahitaji kuhangaika kulenga. Ile kamera ndogo ya Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 ikiwa na lenzi ya milimita 40, ilirahisisha jambo hilo kwa michoro midogo ya mtu, kikundi na mlima. Jioni au chini ya mapaa ya mabati, fungua tundu hadi namba 2: nuru iingiayo ni mara nne ya ile ya namba 4, ambayo lenzi nyingi za kuvuta za bei nafuu hazifiki hata hapo zinapovutwa.

Anayenunua iliyotumika aielekeze kwenye mwanga na kuchungulia ndani. Hewa ya pwani ya ziwa ina unyevu mwingi, na kuvu hujijenga ndani ya vioo kama utando wa buibui. Ukiuona, rudisha.

Mpwa wangu amechukua ya milimita 40, iliyotumika, na fedha iliyobaki ameitenga kwa kuchapisha picha. Juma lijalo tunakwenda Muleba. Yule jirani wa shangazi bado anauza dagaa pale pale, na tumekubaliana kwamba picha yake, akikubali kupigwa, ataipata mkononi yeye kwanza.