Mchele wa Dukani

Novemba 2023 nilikuwa nyumbani Garsen. Mvua ya El Niño ilikuwa haikatiki, Tana umevunja kingo, barabara ya Garissa imemezwa na maji. Stima ilikuja na kupotea ilivyotaka. Na mimi, fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, nilikuwa nakompaili.

Kwa asiyejua: programu huandikwa kwa msimbo ambao mtu anaweza kuusoma, kisha hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo unaweza kufanyiwa na wengine, wakaijaribu, wewe ukapakua kitu kilicho tayari. Ama unajijengea mwenyewe. Laptopu yangu ilikuwa na Gentoo, Linux ambayo desturi yake ni kujijengea. Niliringa nayo sana. Wenzangu wa Ubuntu niliwaita watu wa chakula cha kopo.

Asubuhi hiyo nilianza kuapdeti. Vitu vya zamani viliondolewa, Firefox ikagoma kufunguka, na mpya bado inajengwa. RAM giga nne tu. Feni inalia kama kinu cha unga. Saa nane dadangu akaja na bahasha ya vyeti.

"Kaka, fomu ya ufadhili inafungwa leo saa sita usiku. Simu inakataa kupandisha vyeti."

Nikamwambia angoje kidogo. Saa kumi, angoje. Saa kumi na mbili stima ikapotea, betri ikashika dakika ishirini, kazi ya siku nzima ikakatika. Dadangu hakusema kitu. Alirudisha vyeti kwenye bahasha, kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Mama alikuwa akipepeta mchele. "Mwanangu, kwani hicho kitu hakipatikani tayari?"

"Kipo, tena cha bure. Lakini huwezi kujua kimetengenezwaje."

"Sisi tunalima mpunga. Mgeni akija jioni na ghala ni tupu, tunampandia ama tunaenda dukani?"

Stima ilirudi saa nne. Nikanunua bando, nikaweka firefox-bin, iliyojengwa tayari na Mozilla wenyewe. Dakika chache tu. Fomu ilienda saa tano na dakika arobaini.

Mwezi uliofuata, Gentoo wenyewe wakatangaza kwamba wameanza kutoa kwa wingi vifurushi vilivyo tayari. Nilicheka peke yangu.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni hiki: miaka yote ile nilijenga, lakini sikuwahi kusoma hata mstari mmoja. Machi 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ya kubana mafaili, imepandikizwa mlango wa nyuma, na sehemu ya hila ilikuwa ndani ya kifurushi cha msimbo chenyewe. Debian ya kawaida, yenye toleo la zamani, ilinusurika. Aliyegundua, Andres Freund, alishuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kupitia SSH kulichelewa nusu sekunde. Msimbo kuwa wazi kulimsaidia kufuata nyayo. Lakini yeye aliangalia. Mimi nilikuwa najivunia moshi wa jiko tu.

Ufadhili ule dadangu hakuupata. Anasema si kosa langu, na huenda ni kweli. Bado nakompaili, kwa kujifunza. Ila nikiwa nyumbani, kabla sijagusa chochote, namuuliza kwanza kama ana kazi.