Nyimbo Zetu, Jasho Lao

Sisi tuliokulia kwenye sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam tulikuwa mashabiki wa muziki wa dansi zamani sana kabla ya kusikia habari za hakimiliki. Kwa miaka mingi RTD ndiyo iliyokuwa redio ya Tanzania Bara, na bendi kubwa zilipita kwenye studio yake: NUTA Jazz iliyokuja kuwa Juwata na baadaye Msondo Ngoma, Mlimani Park iliyozaliwa 1978, Vijana Jazz ya Hemedi Maneti, Dar International ya Marijani Rajabu. Kwetu Tanga tulijivunia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wapenzi wa taarabu walikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoviimbia Shakila Saidi. Rekodi nyingi zilibaki maktaba ya redio bila kufika dukani. Ukitaka wimbo, unausubiri hewani, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, ukiomba mtangazaji asiongee juu ya kiitikio.

Asiyekuwa na redio kaseti alikwenda kwenye kibanda cha kurekodia. Unapeleka kaseti tupu ya dakika 60 au 90 pamoja na karatasi ya orodha ya nyimbo, fundi anakwambia urudi jioni. Ukirudi unakuta ameandika majina kwenye jalada kwa kalamu ya wino, upande A na upande B, na pale utepe ulipobaki kidogo amekujazia wimbo aliouchagua mwenyewe. Nyimbo hizo za nyongeza ndizo zilizonifundisha bendi nisizozijua. Nje ya kibanda palikuwa baraza. Watu wazima walisimama wakibishana nani aliyepiga solo na nani aliyetunga, na sisi vijana tukisikiliza. Lakini fedha iliyopita juu ya meza ile iliishia pale pale. Mwanamuziki hakupata hata senti, wala sikumbuki mtu kuuliza.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na chini yake ikaundwa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kwa hiyo tungo zake zina wenyewe mpaka 2029 uishe. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mambo kadhaa bila kibali: kunakili kwa matumizi yako binafsi, kunukuu, kufundishia, kutoa habari. Mtu akiisoma yote ataona kwamba waliotunga walitaka pande mbili ziishi pamoja. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliisikia nusu: mwenye kazi alisikia “usiguse”, shabiki akasikia “chukua tu”.

Kisha ikaja intaneti, na baraza la kibandani likahamia Facebook, kwenye mitandao ya video, na baadaye WhatsApp. Watu wetu walioko Muscat, London na Toronto wakaanza kufungua masanduku yao ya kaseti. Nimemwona mwenzetu mmoja akiifanya kazi hiyo: anaifungua kaseti iliyoganda, anaukunjua utepe taratibu, anauhamishia kwenye ganda jipya, anauzungusha kwa kalamu, halafu anaunganisha deki na kompyuta kwa waya na kuisafisha mikwaruzo. Kazi ya jioni nzima kwa wimbo mmoja. Ukishapandishwa, watu wanaanza kuandika chini yake. Huyu anayanukuu maneno ya ubeti uliofifia, yule anamsahihisha, wa tatu anasema alikuwapo ukumbini usiku bendi ilipoupiga kwa mara ya kwanza. Anayetaka kujua nani alihama Juwata kwenda Mlimani Park, na kwa nini, atapata mengi kwenye mabishano yale ambayo sijayakuta katika kitabu chochote. Huo ndio uhuru wa maoni ninaoutetea. Hauishii kwenye siasa. Umo pia katika watu kujadili sanaa iliyowalea, wakiwa na kazi yenyewe mbele yao.

Uhuru huo ukakutana na mashine. Mitandao mikubwa inafuata sheria ya Marekani ya 1998, ambayo inaiokoa kampuni na lawama endapo itaondoa haraka kazi inayolalamikiwa. Kwa hiyo kazi huondolewa kwanza, maswali baadaye. Katika kundi letu la mashabiki mtandaoni kuna mpiga gitaa aliyekuwa akitengeneza video za mafunzo. Anacheza sekunde chache za wimbo wa zamani, anasimamisha, anaonyesha vidole: hapa ndipo rizimu inapoingia, sikilizeni besi inavyoijibu. Siku moja video zake zikaondolewa kwa madai ya kampuni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia ikihusishwa na bendi zile. Ili kupinga, sheria ile inamtaka aliye nje ya Marekani atoe jina na anwani yake na akubali kushtakiwa kwenye mahakama ya huko. Kijana anayeuza vipuri vya pikipiki Tanga ataanzia wapi? Akafuta na zilizobaki.

Wamarekani wenyewe wamekumbana na hayo. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka mtandaoni video ya sekunde 29 ya mwanawe mdogo akicheza, huku wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Kampuni ya muziki ikataka iondolewe. Mama alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba mwenye haki analazimika kutafakari kwanza kama matumizi yale ni halali kabla ya kupeleka dai. Ilichukua miaka minane kupata kauli hiyo.

Ningekuwa nimesimama upande mmoja tu wa jambo hili mpaka leo, kama binti wa mwanamuziki mmoja marehemu asingejiunga na kundi letu. Tulikuwa tunausifu wimbo, naye akaandika: “Shikamooni wazee wangu. Aliyepiga besi humo ni baba yangu. Nashukuru mnavyompenda. Lakini alipougua tulichangisha fedha za dawa mtaani, na nyimbo zake zinauzwa kwenye flash kila stendi. Nyie ruhusa mnaomba kwa nani?”

Mzee mmoja akamjibu kwa upole, “Mwanangu, hapa hatuuzi.”

“Najua, baba. Ila anayeuza anachukua hapa.”

Kundi lilinyamaza. Alisema kweli. Wimbo uliosafishwa kwa mapenzi jioni unakuwa bidhaa ya mtu mwingine asubuhi, na jina la mtunzi halimo.

Tangu hapo tuliweka utaratibu. Wimbo ambao upo sokoni hatuupandishi, tunaweka kiungo cha mahali unapouzwa au unaposikilizwa kihalali. Kila wimbo unatajiwa mtunzi, waimbaji, bendi na mwaka kadiri inavyojulikana. Familia ikisema uondoeni, tunauondoa siku hiyo hiyo, lakini mjadala wake unabaki. Anayekutwa akiuza anatolewa. Kipande kifupi cha kufundishia au kuhakiki tunakitetea, na mwanasheria kijana aliyemo kundini humsaidia mwenzetu kuandika majibu. Mpiga gitaa wetu alirudi kwa msaada huo. Binti naye alibaki, na sasa ndiye anayetusahihisha majina.

Hakuna jipya katika utaratibu huo. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 liliviweka vyote viwili katika ibara moja, ya 27: haki ya kila mtu kushiriki utamaduni wa jamii yake, na haki ya mtunzi kulindwa katika kazi yake. Katiba yetu ina ibara ya 18 inayolinda maoni na ibara ya 24 inayolinda mali. Njia za kuvikutanisha zipo. Ujerumani, kwa sheria yake ya 1965, hutoza vifaa vya kurekodia ili fedha iwafikie watunzi, badala ya kumfukuza anayerekodi nyumbani kwake. Umoja wa Ulaya ulipoibana mitandao mwaka 2019 ulitaka nukuu, uhakiki na uigaji wa kuchekesha vilindwe. Kenya, katika marekebisho yake ya 2019, ilifanya kuwa kosa kupeleka dai la uongo au la nia mbaya la kuondoa kazi ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu watamke wazi kwamba uhakiki, mafunzo na mjadala wa mashabiki mtandaoni havihitaji kibali, na kwamba anayedai kazi isiyo yake atawajibika. Nawaomba wenye haki wasikilize kabla ya kuondoa, na wajitokeze wajulikane ili waombwe ruhusa. Na kwako, shabiki mwenzangu: kabla hujapandisha wimbo, andika jina la aliyeutunga, kisha watafute watu wake. Ukishindwa kufanya hayo mawili, usiuguse wimbo wake.