Majirani Wasiolipa Kodi

Ukizaliwa Dar es Salaam, ukisikia neno "wanyamapori" mawazo yanaruka moja kwa moja hadi Serengeti au Mikumi. Wanyama wetu sisi wa mjini wako kwenye noti: simba katika 2,000, faru katika 5,000, tembo katika 10,000. Faru tunamjua kwa kumpeleka dukani na kurudi na chenji. Si ajabu basi kwamba sisi vijana tunaojaribu kuandika, tukitaka kumwingiza mnyama katika hadithi, tunamleta simba, tena simba ambaye hatujawahi kumwona.

Ndugu msomaji, leo nataka kuwasema wale tunaolala nao nyumba moja.

Napanga Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati. Uani kuna jiko, choo, karo la kufulia na mwembe mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Chumbani ni joto, na mshikaji ninayeishi naye anakoroma kama lori la mchanga. Kwa hiyo riwaya yangu naiandika uani usiku, chini ya taa ya ukutani, kaunta buku magotini. Taa hiyo ndiyo iliyonikutanisha na jirani wa kwanza, mjusi kafiri.

Magharibi ikishaingia anatoka nyuma ya meta ya umeme na kuchukua zamu yake. Wako watatu, na kila mmoja ana eneo lake. Akivuka mpaka atafukuzwa mpaka mkia umkatike. Hana kope za kufumba, hivyo vumbi likimwingia jichoni anajilamba jicho kwa ulimi. Anatembea darini miguu juu kwa sababu chini ya vidole vyake kuna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyoshika ukuta bila gundi yoyote. Wakati wa masika, kumbikumbi wakiifuata taa, anakula mpaka tumbo linakuwa kama kibuyu. Jina lake la ukafiri wazee wanalieleza kwa kisa cha Nabii Ibrahimu: eti yeye aliupuliza moto uzidi kuwaka. Ndiyo maana watoto wanamsaka kwa ndala. Mimi sibishani na wazee. Ninachojua ni kwamba usiku mmoja nilimhesabia wadudu 23 kabla umeme haujakatika.

Jirani wa pili ni nyigu wa udongo, yule mwenye kiuno kama uzi. Anachota tope karoni, tonge kwa tonge, anajenga vyumba nyuma ya kalenda. Kisha anakwenda kuwinda buibui. Akimchoma hamuui, anampoozesha tu, anamsindika chumbani pamoja na wenzake, anataga yai na kuziba mlango. Mtoto akianguliwa anakuta nyama mbichi inamngoja. Nyumba haina friji lakini kitoweo hakiozi! Wenzangu mnaoandika riwaya za kutisha, mnahangaika na majini na mizimu ya nini? Tazameni ukutani.

Mwaka jana chozi alining'iniza kiota chake kwenye kipande cha waya juu ya mlango wa jiko, kwa nyasi, majani makavu na utando wa buibui. Mahali penyewe ni pale mama wa vitumbua anapowasha moto wake kabla ya alfajiri. Nilijiuliza kwa nini ndege mdogo vile achague moshi na kelele, akauacha mwembe mzima. Nadhani jibu ni kunguru. Huyu kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, baadaye akaenea pwani ya bara, na leo hakuna yai wala kinda la ndege mdogo lililo salama mbele yake. Waswahili tunasema kunguru hafugiki, lakini jiji zima tunamfuga kwa majalala yetu. Kitu anachokiogopa ni mwiko wa mama wa vitumbua. Makinda mawili yalipona chini ya ulinzi wa mwiko huo, na siku yaliporuka, mama alizima jiko kidogo, akatuita wapangaji wote tuje kutazama.

Halafu akaja bundi.

Alijichimbia kwenye uwazi kati ya bati na ukuta, upande wa mbele, juu kabisa ya chumba cha Bibi, mama yake mwenye nyumba. Uso mweupe wenye umbo la moyo, macho meusi. Bundi wa namna hii hasemi "huu, huu" kama wa hadithini. Anapiga ukelele mkavu, kama kanga inayochanwa. Na Bibi alikuwa mgonjwa, miezi mitatu hatoki kitandani ila kwa kushikwa mkono. Unajua mwenyewe maneno yalivyoenda. Bundi akilia juu ya paa, ndani pana sanda. Wiki haikuisha, wapangaji wakachanga 10,000, wakamtafuta kijana wa kijiweni mwenye manati.

Mimi asubuhi zote hizo nilikuwa naokota vitu chini ya mwembe: vidonge vyeusi vya ukubwa wa dole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha mifupa na manyoya huvitapika. Nikivunja kidonge kwa kijiti napata fuvu dogo safi, meno yote mahali pake. Nilikuwa na mafuvu 11. Jioni ya manati niliyapanga juu ya gazeti, nikayapeleka barazani.

"Kijana, vitabu vimekuzidi," fundi seremala alisema, na watu wakacheka.

Nikaeleza. Kwamba sikio lake moja liko juu kidogo kuliko jingine, hivyo humlenga panya gizani kwa sauti tu. Kwamba manyoya ya mabawa yake yana nyuzi laini pembeni, ndiyo maana hatumsikii akipita. Nani alisikiliza? Hakuna. Lakini dirisha la Bibi lilikuwa wazi.

"Nani huyo anayesomesha?"

"Shikamoo Bibi. Ni mimi, mpangaji wa chumba cha nyuma."

"Marahaba. Lete hicho ulichookota nikione."

Nilipeleka gazeti dirishani. Aliyatazama mafuvu muda mrefu, akagusa moja kwa ncha ya kidole.

"Hawa ndio waliomaliza unga wangu?"

"Ndio hao, Bibi."

"Basi mwacheni. Bundi angekuwa anaua watu, Magomeni ingekuwa pori zamani."

Neno la mwenye nyumba lina nguvu, la mama yake ni zaidi. Yule kijana akarudi kijiweni na manati yake, na zile 10,000 zikarudishwa. Toka siku hiyo kila asubuhi nilipita dirishani kutoa taarifa. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Jana kala wangapi?" Namwambia wawili, anasema, "Mvivu huyo." Namwambia wanne, anacheka mpaka anakohoa.

Bibi alifariki miezi miwili baada ya Idi. Msibani niliwasikia watu wawili wakinong'ona habari za paa. Sikusema neno, msiba si mahali pa ubishi. Ila nilijua kwamba bundi na makinda yake walikuwa wamehama wiki tatu nzima kabla, na kwamba marehemu alikuwa na miaka 80 na ushee na sukari ya siku nyingi. Nilijua pia kwamba katika siku zake za mwisho kulikuwa na kitu alichokingoja kila kukicha.

Sasa warithi wanataka kuuza. Dalali ameshakuja mara mbili, na wanaongea habari za fremu za maduka. Mwembe utaondoka kwanza. Chozi pengine atapata waya mwingine, mjusi kafiri hakosi ukuta, lakini sijui bundi atapata wapi bati lenye uwazi na mzee wa kumtetea.

Kwa hiyo wenzangu, tusingoje nauli ya Serengeti. Chukua daftari, anza na ukuta wako. Andika siku, saa, mdudu yupi, kafanya nini, na jina lake kama bibi yako anavyomwita. Ukizoea kufanya hivyo hutaandika tena "ndege aliruka". Utataka kujua ni ndege gani, kaondoka wapi na nani kamkurupusha. Mimi riwaya yangu haijaisha, lakini ukurasa wake wa kwanza sasa ninao, nimeunakili kama ulivyo kutoka kwenye kaunta buku: Jumatatu panya watatu. Jumanne wawili. Jumatano mvua, hakutoka. Alhamisi wanne, Bibi kacheka.