Sauti Zisizo na Cheti

Napenda kuwaeleza kazi tuliyoifanya wakati wa likizo kubwa huko kwetu Ryansoro, upande wa Gitega. Maana wengi wamesikia habari zake nusu nusu, na wengine husema kwamba tulikaa wiki mbili nzima tukipiga picha za sanduku bovu.

Sanduku lenyewe ni amplifaya ya gitaa ya kwaya ya parokia, nalo halikuwa bovu wakati ule. Ni ya zamani, ya zile zenye taa ndogo za kioo ndani, na spika yake ina upana wa inchi 12. Ililia vizuri mno. Lakini taa zake tulizitafuta madukani tusizipate, na kila ilipozimwa hatukujua kama itawaka tena Jumapili. Basi mimi na mwenzangu mmoja wa darasa letu tukakusudia kuihifadhi sauti yake katika kompyuta kabla haijanyamaza.

Jambo hilo lawezekana siku hizi. Iko programu iitwayo Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Bwana Steven Atkinson, nayo hutolewa bure. Kwanza hupitishwa katika amplifaya sauti maalumu ya majaribio, yapata dakika tatu, na ile inayotoka hurekodiwa. Kisha kompyuta hulinganisha kilichoingia na kilichotoka, hata ikajifunza kuiga tabia ya amplifaya. Baada ya hapo mpigaji huchomeka gitaa lake katika kompyuta na kusikia karibu sauti ile ile, hata kama amplifaya iko mbali au imekwisha kufa. Wapiga gitaa wa nchi nyingi hubadilishana sauti za namna hii, na maktaba zao ni kubwa.

Lakini kila rekodi ni ya hali moja tu. Ukizungusha swichi ya besi kidogo, hiyo ni sauti nyingine. Maikrofoni ikikaa katikati ya spika, sauti hung'aa. Ikisogezwa ukingoni, hupoa. Hata umeme una neno lake: jioni, watu wanapouhitaji wote pamoja majumbani, nguvu hupungua, na amplifaya ya namna hii hulainika, besi yake ikatanda. Tulirekodi sauti 11. Je, atakayezikuta baada ya miaka kumi atajuaje ipi ni ipi?

Mwenzangu alishika kwamba sikio latosha. "Sauti hujitambulisha yenyewe," alisema, "kama vile unavyomjua mama yako akikuita gizani." Maneno mazuri, lakini mama unamjua gizani kwa kuwa ulikwisha kumwona mchana.

Nikamkumbusha habari ya ngoma zetu. Mwaka 1967 Wafaransa wa Ocora walizirekodi ngoma za Burundi. Mwaka 1971 mapigo yale yalitiwa piano huko Ulaya, yakawa wimbo wa "Burundi Black", ukaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akayatumia katika "The Jungle Line". Watu wa mbali wakafurahia kazi ya mikono ya wazee wetu, na katika nyimbo hizo wazee hawakutajwa mmoja mmoja kwa majina: ni "ngoma za Burundi" tu, basi. Nani alikuwa katikati akipiga inkiranya, nani walishika amashakwe, mlima wao upi? Nyimbo zile hazisemi.

Sasa mtazame Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini mwaka 1954. Sahani zake za santuri zapita 200, na nyimbo zake zina kadi zinazotaja mwimbaji, lugha, mahali na ala. Mwaka 1952 alimrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, katika Kongo. Kwa hiyo kijana anayeusikia "Masanga" leo aweza kumwulizia Mwenda kwa jina lake.

Mwenzangu akanyamaza, ila hakukubali.

Tukaanza kazi. Kila sauti tuliipigia picha ya swichi kwa mbele, picha ya maikrofoni na rula kando yake, na tukaiandikia karatasi: tarehe, saa, hali ya umeme, gitaa lipi. Namba za swichi zilikuwa zimefutika kwa vidole vya miaka mingi, tukaandika kwa kufuata uso wa saa: besi yaelekea 10, na kadhalika. Kando ya swichi moja palikuwa na mikwaruzo miwili ya msumari. Tulimwuliza mzee mpiga gitaa wa kwaya, ambaye alianza kupiga kabla sisi hatujazaliwa. Akacheka. Mkwaruzo wa kwanza ni wa misa ndani ya kanisa, wa pili ni wa maandamano nje. Aliichora mwenyewe. Tukaandika.

Akasimama nyuma yetu kitambo, kisha akauliza, "Wanangu, na jina langu mmeliweka wapi?"

Mwenzangu ndiye aliyechukua kalamu. Aliliandika katika karatasi zote 11, kwa herufi kubwa, na hakuniambia neno.

Mvua za Oktoba zilipoanza, umeme ulipiga, transfoma ya amplifaya ikaungua. Noeli ilipokaribia kwaya ikachomeka gitaa katika kompyuta. Kijana mpigaji akachagua sauti ya 7, iliyoandikwa "misa, ndani". Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. "Swichi ni zangu," alisema, "lakini besi imezidi." Tukafungua karatasi: ya 7 ilirekodiwa saa moja jioni, umeme hafifu. Ya 4 ilikuwa na swichi zile zile na maikrofoni pale pale, ila ni ya saa nne asubuhi. Tukaiweka hiyo. Mzee akafumbua macho akaomba wimbo uanze.

Kazi haijaisha. Maandishi ya taa zile mbili za nyuma yamefutika, na fundi ataka kuyajua kabla hajaagiza nyingine pamoja na transfoma. Nimesikia kwamba iko amplifaya kama hii katika kwaya moja upande wa Muyinga. Ndugu wa zamani mlioko huko, mkiiona, tafadhali ipigeni picha kwa nyuma, mfuniko ukiwa umefunguliwa na waya umechomolewa, mkamtumie mhariri wa gazeti hili. Na jina la anayeipiga msilisahau.