Seva ya kliniki: usifungue kila kitu

Leo tuongee kuhusu PostgreSQL, hasa pale kompyuta za ofisini zinaposhindwa kuifikia seva.

Juzi niliitwa kwenye kliniki moja ndogo hapa Witeithie. Stima ilipotea usiku, na iliporudi, mapokezi, maabara na chumba cha dawa hawakupata faili hata moja ya mgonjwa. "Kijana wangu, wewe fungua kila kitu, watu wanangoja," mwenye kliniki akaniambia.

Kumbe fundi mwingine alikuwa ameshafungua. Faiwoli imezimwa, na ndani ya pg_hba.conf kuna 0.0.0.0/0 na neno trust, yaani yeyote afikaye aingie bila nywila. Na bado haikusaidia! Ruta ilipowaka iliipa seva anwani mpya, na kompyuta zile tatu ziliendelea kuita ile ya zamani.

Ukikwama hivi, fuata mpangilio:

1. Ipe seva na kila kompyuta anwani isiyobadilika.
2. Katika postgresql.conf, angalia listen_addresses. Isipobadilishwa huwa localhost, kwa hivyo seva haisikilizi kompyuta nyingine. Weka anwani ya seva, kisha washa Postgres upya.
3. Washa faiwoli, uruhusu poti 5432 kwa kompyuta zile tatu pekee.
4. Katika pg_hba.conf andika anwani hizo tatu, na scram-sha-256 badala ya trust.

Soma pia ujumbe wa kosa. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, mara nyingi hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ukingoja mpaka muda uishe, shuku anwani au faiwoli. Ukitajiwa pg_hba.conf, umeshaifikia seva. Kilichobaki ni ruhusa.

Kwa nini nisifungue tu niende zangu? Nywila ya wifi ya kliniki ile imebandikwa ukutani, na wifi yenyewe iko kwenye mtandao mmoja na seva. Mgonjwa aliyeketi kwenye benchi na simu yake angeweza kusoma majibu ya vipimo vya jirani, hata vya HIV. Witeithie tunajuana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu siri yake ikishafika sokoni.

Mwenye kliniki aliuliza kama wifi ya wageni iondolewe. Nikamwambia ibaki, ila niliihamishia kwenye mtandao wake peke yake.

Haya, kazi njema.