Kiswahili cha nyumbani hakiharibu masomo

Sisi walimu wa madarasa ya mwanzo tunaambiwa mara nyingi: «Mwalimu, Kiswahili chetu cha nyumbani ni kibaya, kinaharibu masomo ya mtoto.» Tunataka kujibu, maana mama anayeamini hivyo ananyamaza, na mtoto anabaki peke yake na kaye yake.

Kitabu kinaandika «mtoto», sisi nyumbani tunasema «mutoto». Mwanafunzi wa darasa la kwanza akiiona ile m bila vokali, anairuka, anasoma «toto». Basi tupige makofi: mu-to-to, matatu. M-to-to, tena matatu. Mwa-na-mu-ke na mwa-na-m-ke, manne kila upande. Ile m ya kitabu ni mu yetu iliyofupishwa, na bado inahesabiwa. Lakini «mbuzi», hata kwetu, ni mbu-zi, mawili tu. Sikio la nyumbani linajua tofauti hiyo kabla ya kitabu.

Maneno ya kuunganishwa nayo yanawasumbua. Wanaandika «mwana chama» mbalimbali. Sikilizeni: katika «mwana», nguvu ya sauti iko kwa mwa, katika «chama», iko kwa cha. Yakiwa neno moja, nguvu inabaki moja, kwa silabi ya pili kutoka mwisho: mwanaCHAma. Lakini «mwana mwema» tunasikia nguvu mbili: MWAna MWEma. Ni maneno mawili, tunayaachanisha.

Wengi wao, tunasema wanachama: mwanzo tu unageuka. Ila mwanamke anakuwa wanawake, pande zote mbili zinageuka.

Kwa nini tunasisitiza? Kifaransa kinakuja, nacho kinapeleka nguvu ya sauti mwishoni. Mtoto asiyeweza kukata neno la lugha yake, atalikata namna gani la lugha ngeni? Huyo anaanza kukisia, kisha anaona haya, kisha anaacha kusoma.

Jioni, mkingojea maji ya bukari yachemke kwenye mbabula, mpe mtoto neno moja refu. Alipige makofi, aonyeshe penye nguvu, aseme limetoka kwa maneno gani. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kazi hii, kwani inataka masikio na mikono tu.