Kazi ya Kutakasa Viini

Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliitumia katika maabara moja ya Uingereza, si kwa kubuni nadharia bali kwa kutakasa viini vya seli; na nataka ijulikane kwamba hoja kubwa ya fani yetu ilikatwa na mafundi walioinama juu ya barafu na sentrifuji, ingawa sifa zake huwaendea wengine.

Tangu mwaka 1953, Mabel na Lowell Hokin walipochunguza kongosho, ilidhihirika kwamba mafuta ya utando wa seli hubadilika seli ipatapo amri. Mwaka 1983 ikathibitika kuwa IP3, kipande kinachokatwa na kimeng'enya fosfolipesi C kutoka katika lipidi iitwayo PIP2, ndicho kifunguacho akiba ya kalisi. Lakini kiini, makao ya jeni, hakikutiwa hesabuni. Basi mwaka 1987 Lucio Cocco wa Bologna na wenzake, Robin Irvine akiwa mmoja wao, walipotangaza kwamba viini vya seli za Friend, yaani seli za saratani ya damu ya panya, huunda lipidi hizo hata baada ya kuvuliwa utando, wengi walisema hayo ni mabaki ya uchafu.

Nasi tulizivimbisha seli kwa maji yenye chumvi haba, tukazitia sabuni ya maabara, tukazipitisha katika sindano nyembamba, tukazungusha, tukamwaga maji ya juu na kuanza tena, mfano wa mpishi aoshaye mchele. Sabuni ikizidi, viini hupasuka na DNA hutoka ute mzito unaonata sindanoni, na kazi ya siku nzima ikapotea. Seli zilizotiwa dawa ya kuzikomaza ziligeuka nyekundu kwa hemoglobini, na katika filamu ya eksirei doa la PIP2 likakolea. Bwana mkubwa mmoja akalitazama, akacheka: "Bibi, umepima uchafu." Sikumjibu, nilimwekea mezani picha za hadubini ya elektroni, zisizo na alama ya utando.

Baadaye ilionekana kwamba fosfolipesi C beta 1 hupungua kiinini kadiri seli hizo zinavyokomaa, na ikizidishwa makusudi, ukomavu huzuilika. Mwaka 2003 ING2, protini ya kromatini, ikabainika kuwa hushikamana na lipidi PI5P. Wako wasemao kwamba lipidi huziamuru jeni. Siridhiki na usemi huo, kwani lipidi hushikwa na protini, na protini ndizo zifunguazo na kufunga.

Ushahidi ninaouthamini kupita wote ulitoka Leicester mwaka 2012, katika umbile la HDAC3, kimeng'enya kinachofunga jeni kwa kuziondolea histoni asetili. Kati yake na protini mwenziwe ilikutwa molekuli ya inositoli tetrafosfati, itokanayo na IP3. Watafiti hawakuitia wao. Ilitoka nayo ndani ya seli ikastahimili usafishaji wote, na bila yake kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo.